Karatasi ya Madeni Kabla ya Fomu ya Kugombea

Mwezi uliopita kijana mmoja ninayemfahamu tangu akiwa shuleni alinijia jioni, akaniamkia, akakaa, na baada ya kuzungukazunguka kidogo akasema kilichomleta: anataka kuchukua fomu ya kugombea udiwani katika uchaguzi ujao, na kwa kuwa niliwahi kukaa katika baraza kwa vipindi viwili, alitaka nimwambie aanzie wapi. Nadhani alitarajia mbinu za kuomba kura. Nilimpa karatasi tupu, nikamwomba aende nayo nyumbani, aandike jina la kila mtu ambaye, endapo atashinda, atakuwa na uso wa kumwambia, "Unakumbuka nilivyokusaidia." Alicheka, akaikunja, akaitia mfukoni. Ninaandika haya kwa ajili yake na kwa watia nia wengine walio katika hali yake, kwa sababu jibu nililompa jioni ile lilikuwa fupi mno.

Tumezoea kuzungumzia maadili ya uongozi kana kwamba huanza siku ya kiapo, mtu anaposhika kitabu kitakatifu mbele ya hakimu. Kwa nilivyoona mimi, siku hiyo sehemu kubwa ya kazi huwa imekwisha kufanyika, au imekwisha kuharibika. Diwani anayeingia barazani akiwa na madeni aliyoyafanya wakati wa kampeni huingia akiwa na mabwana wengine kabla ya wapiga kura wake, na kanuni za maadili, hata zikiwa nzuri kiasi gani, zitamkuta tayari ana ahadi za pembeni asizoweza kuzisema hadharani.

Kampeni, hata ya kata moja, hula fedha. Kuna kuchapa vipeperushi, kukodi vipaza sauti, kuwasafirisha mawakala siku ya kupiga kura na kuwapatia chakula, na kuna wapambe ambao hawaombi mshahara lakini hawaondoki mikono mitupu. Mgombea mgeni huwa hajapiga hesabu hizo mapema, kwa hiyo hufika katikati ya safari akiwa ameishiwa, na hapo ndipo hujitokeza wafadhili wa aina fulani. Hawa hawaji mwanzoni, wakati ungali na nguvu ya kuchagua. Huja wiki ile ambayo umeanza kuhesabu sarafu.

Kwangu alikuja mkandarasi, siku tisa kabla ya uchaguzi, akiwa na gazeti lililokunjwa ambalo lilikuwa nene kuliko gazeti la kawaida. Hakuomba chochote. "Mheshimiwa," alisema, ingawa wakati huo sikuwa mheshimiwa wa kitu chochote, "hii ni ya mafuta tu." Nilimwita mweka hazina wa kampeni yangu, mwalimu mstaafu aliyekuwa chumba cha pili akipanga karatasi za mawakala, nikamwomba aje na kitabu cha risiti. Mgeni aliposikia neno risiti alitabasamu, akasema hakuna haja ya kuandikiana baina ya watu wanaoheshimiana, akanywa maji aliyokuwa amepewa, akaondoka na gazeti lake. Nisijisifu. Kama mwalimu yule asingekuwepo nyumbani, na kama tusingekuwa tumekubaliana miezi kadhaa nyuma kwamba hakuna fedha itakayoingia bila jina, kiasi na risiti, sina hakika ningefanya nini, maana siku hiyo hiyo mwenye vipaza sauti alikuwa amepiga simu mara mbili akidai chake.

Kwa hiyo, kama kuna jambo moja tu utakalolifanya mapema, liwe hili: tafuta mweka hazina ambaye si ndugu yako wala hakuogopi, fungua akaunti ya benki ya kampeni iliyo tofauti na yako, na piga bajeti ndogo kuliko uwezo wako. Afadhali kampeni yenye vipeperushi vichache kuliko ushindi wenye gazeti nene. Soma pia sheria ya uchaguzi ya nchi yako kuhusu michango, kwa sababu nchi nyingi zina ukomo wa matumizi au zinamtaka mgombea awasilishe hesabu baada ya uchaguzi, na wapo walioshinda kwa kura wakaja kupoteza kiti kwa hesabu.

Maandalizi ya pili hayana mvuto wowote, na ndiyo maana wachache huyafanya. Mwaka mzima kabla ya kuchukua fomu nilikuwa nahudhuria vikao vya baraza kama msikilizaji, nikikaa kwenye viti vya nyuma ambavyo mara nyingi vilikuwa vitupu, nikiwa na daftari. Huko ndiko nilikojifunza kwamba kabrasha la kikao, yaani fungu la karatasi za ajenda na taarifa, ndilo silaha ya diwani, na kwamba madiwani wengi hulifungua kwa mara ya kwanza wakiwa wamekwisha kukaa. Niliona kikao kikitumia karibu saa nzima kubishana kuhusu mpangilio wa viti vya wageni, kisha taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka ikapita kwa sauti moja ya "imepokelewa" kabla mhasibu hajakaa vizuri.

Kasome bajeti ya halmashauri yako kabla hujaandika ahadi hata moja. Utakuta upande mmoja mapato ya ndani, yaani ushuru, ada, leseni na kodi za majengo, na upande mwingine ruzuku kutoka serikali kuu, ambayo mara nyingi huja ikiwa imekwisha kupangiwa kazi. Ukiondoa mishahara, uendeshaji wa ofisi na madeni ya miaka iliyopita, fungu linalobaki kwa baraza kuamua kwa hiari yake huwa dogo kiasi cha kumnyamazisha mtu. Nilipolipata fungu hilo kwa mara ya kwanza nilidhani nimeruka ukurasa. Baada ya hapo soma taarifa ya mkaguzi wa hesabu ya miaka mitatu mfululizo, uangalie ni hoja zipi, yaani kasoro alizozitaja, zinajirudia, kwa kuwa hoja inayojirudia ina mtu anayenufaika nayo kutofungwa.

Kuna mfano ambao sikuchoka kuwasimulia wenzangu wa kamati ya fedha. Katika mji mdogo wa Dixon, jimbo la Illinois nchini Marekani, wenye wakazi wapatao 16,000, mtunza hesabu aitwaye Rita Crundwell alifungua akaunti ya siri mwaka 1990 kwa jina lililofanana na la akaunti halali ya mji, na hadi mwaka 2012 alikuwa amehamisha takriban dola milioni 53. Kila mwaka mji ulikosa fedha za kutengeneza barabara na kununua vifaa, na maelezo yake kwa baraza yalikuwa kwamba jimbo limechelewesha malipo. Wakaguzi walipita na hawakuona. Aliyeona alikuwa karani wa mji ambaye, wakati Crundwell yupo likizo mwaka 2011, aliiomba benki imletee taarifa za akaunti zote, akakuta moja asiyoifahamu. Crundwell alihukumiwa mwaka 2013 kifungo cha miaka 19 na miezi 7.

Madiwani wa mji ule hawakutajwa kuwa wezi. Walikuwa watu wa kazi zao nyingine, waliokuja vikaoni jioni, waliomwamini mtu mwenye uzoefu aliyewajibu kwa upole kila walipouliza. Ndiyo maana mfano huu unanitisha kuliko mifano ya watu waliobeba mabegi ya fedha. Kumwamini mtumishi ni jambo jema, lakini diwani hakuchaguliwa ili aamini, amechaguliwa ili aulize, na swali la "naomba kuona taarifa ya benki yenyewe, si muhtasari wake" halimtusi mtu yeyote mwaminifu. Lilinifanya nionekane msumbufu kwa miezi michache, kisha likawa jambo la kawaida, na mhasibu mwenyewe akawa analeta taarifa hizo bila kuombwa.

Sasa nije kwenye ahadi. Mgombea anaposimama jukwaani na kusema "nitajenga," "nitaleta," "nitamfukuza," anasema uongo hata kama moyo wake ni safi, kwa sababu katika mifumo mingi ya serikali za mitaa diwani mmoja mmoja hana mamlaka ya kumwamuru mtendaji yeyote wala ya kutumia senti moja. Mamlaka ni ya baraza likiwa limekaa kikao halali chenye akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa. Diwani ana kura moja, ana haki ya kuuliza, na ana uwezo wa kuwashawishi wenzake, basi. Anayeahidi zaidi ya hapo atajikuta akienda kumbembeleza mhandisi alete greda katika kata yake kwa mlango wa nyuma, na siku mhandisi huyo atakapokuja na ombi lake mwenyewe, kukataa kutakuwa kugumu. Kwenye mikutano yangu nilijizoeza kusema "nitaliwasilisha" na "nitalipigia kura," nikieleza ni kamati gani italijadili. Sitadanganya kwamba makofi yalikuwa mengi.

Kuhusu mgongano wa maslahi nitakaa kidogo, kwa kuwa hapo ndipo nilipojikwaa mwenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza lilikuja pendekezo la kutengeneza barabara fulani, na miongoni mwa wazabuni wa kokoto alikuwamo shemeji yangu. Kanuni zilinitaka nitangaze maslahi, nami nikafanya hivyo, nikasimama, nikasema uhusiano wetu, katibu akaandika, nikakaa na kunyamaza hadi mwisho. Sikuzungumza, sikupiga kura. Nilitoka pale nikijiona nimetimiza wajibu wangu wote. Wiki moja baadaye diwani mwenzangu, mzee aliyekuwa ameona mabaraza manne, aliniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, tulikuwa tunajadili zabuni huku tunakuangalia usoni. Ungetupisha." Alikuwa sahihi. Kila aliyetaka kuikosoa bei ya shemeji yangu alilazimika kuikosoa mbele yangu, akijua kwamba mwezi ujao ataihitaji kura yangu kwa jambo lake. Ukimya wangu ulikuwa ukisema.

Tangu siku ile, nikiwa na maslahi katika ajenda yoyote, hutangaza kabla mjadala haujaanza, hutoka nje ya ukumbi, na huhakikisha muhtasari unaandika saa niliyotoka na saa niliyorudi. Sheria za nchi mbalimbali zinatofautiana kuhusu nani anahesabika kuwa mtu wako wa karibu na fedha kiasi gani zinahesabika kuwa maslahi, lakini kipimo changu ni chepesi: kama matokeo ya kura hii yatajadiliwa mezani kwetu nyumbani kwa furaha au kwa huzuni, basi sistahili kuwamo ukumbini. Na hili nalo hutakiwa kuandaliwa mapema. Kabla ya kuchukua fomu, kaa na mwenzi wako wa ndoa muorodheshe viwanja, hisa, biashara, mikopo na ajira za watu wa karibu, kwa sababu nchi nyingi zitakutaka utamke mali na madeni yako kwa maandishi, na ni aibu kugundua jambo la nyumbani kwako kupitia fomu ya serikali.

Kuna maslahi ya aina nyingine ambayo watu wengi huyaona ni werevu tu. Mwanasiasa wa New York George Washington Plunkitt, wa kundi la kisiasa la Tammany Hall lililoitawala siasa ya mji huo, alijinasibu waziwazi mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba hakuiba kamwe hazina ya umma. Yeye alipata habari mapema kwamba bustani au daraja litajengwa mahali fulani, akanunua ardhi ya pale kwa bei ndogo, kisha akaiuza kwa faida. Aliuita utajiri huo wa haki. Nimewasikia watu waliosoma sana wakitetea hoja hiyo hiyo, kwamba hakuna aliyeibiwa. Aliyeibiwa yupo: ni yule aliyeuza shamba lake bila kujua ambacho diwani wake alikijua, na ni mlipa kodi aliyeinunua ardhi hiyo kwa bei iliyopandishwa. Habari ya ndani ya baraza ni mali ya umma sawasawa na gari la baraza. Ramani ya mipango miji ikipita mikononi mwako kabla haijatangazwa, usinunue kiwanja kule, na usimwambie kaka yako.

Uingereza, baada ya mfululizo wa kashfa za wanasiasa, iliunda mwaka 1994 kamati chini ya uenyekiti wa Lord Nolan, nayo mwaka 1995 ikatoa misingi 7 ya maisha ya utumishi wa umma: kutojitanguliza, uadilifu, kutopendelea, uwajibikaji, uwazi, ukweli na uongozi wa mfano. Ni maneno mazuri na nayaheshimu. Hata hivyo sijawahi kumwona mtu aliyeokolewa na orodha ya sifa njema saa moja usiku akiwa na mgeni sebuleni. Kinachookoa ni taratibu ndogo zilizowekwa kabla, kama vile kitabu cha kuandikia kila zawadi, hata iwe kalenda au kalamu, pamoja na jina la mtoaji na tarehe. Au desturi ya kutokutana na mzabuni peke yako, na kamwe si nyumbani, zabuni inapokuwa wazi.

Jaribu ambalo halizungumzwi sana ni posho, kwa kuwa hapo madiwani wote huwa upande mmoja na hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole. Katika mji wa Bell, jirani na Los Angeles katika jimbo la California nchini Marekani, ambao ni mji wa watu wa kipato cha chini, wapiga kura wasiozidi 400 walijitokeza mwaka 2005 katika kura maalumu iliyobadilisha hadhi ya mji na hivyo kuwaondolea madiwani ukomo wa malipo uliowekwa na sheria ya jimbo. Kufikia mwaka 2010, gazeti la Los Angeles Times lilipofichua mambo, msimamizi wa mji Robert Rizzo alikuwa akilipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka, na madiwani wengi, ambao kazi yao ilikuwa ya muda, karibu dola 100,000 kila mmoja, sehemu kubwa ikitokana na kukaa katika bodi ambazo zilikutana kwa dakika chache au hazikukutana kabisa. Rizzo alihukumiwa kifungo cha miaka 12 mwaka 2014. Ninachokiona katika mkasa huo ni uhalali wake wa juujuu: kura ilipigwa, mihtasari iliandikwa, hundi zilisainiwa. Ukiona kikao kimeitishwa na huwezi kueleza kwa sentensi moja kilichoamuliwa, jiulize kama kiliitishwa kwa ajili ya ajenda au kwa ajili ya karatasi ya kusaini.

California hiyo hiyo, miaka mingi kabla ya Bell, ilipitisha mwaka 1953 sheria iitwayo Brown Act, inayozuia wajumbe walio wengi wa baraza kujadiliana mambo ya baraza nje ya kikao cha wazi, hata kwa kupeana habari mmoja baada ya mwingine. Nilipoisoma niliikumbuka ile tabia yetu ya kumalizana kwa simu usiku wa kuamkia kikao, ili asubuhi mjadala uwe maigizo. Hata kama sheria ya kwako haiweki ukuta huo, unaweza kujizuia mwenyewe. Zungumza na mwenzako mmoja, wawili, uwasikilize. Ila ukijikuta unahesabu kura kwenye simu, ujue umehamisha baraza na kulipeleka mahali ambapo raia hawezi kukaa kwenye kiti cha nyuma akiwa na daftari.

Ajira za ndugu nazitaja kwa ufupi: usimpigie simu ofisa utumishi kuhusu mtu yeyote, hata kuuliza tu kama barua yake imefika. Kuuliza kwako ni maelekezo.

Nimeeleza mengi kuhusu kukataa, nami najua kukataa kuna gharama. Shemeji yangu hakukanyaga kwangu kwa muda mrefu. Katika uchaguzi wangu wa tatu nilishindwa kwa kura chache na mtu aliyeahidi greda, na asubuhi iliyofuata nilikabidhi ofisi, makabrasha na kitabu cha zawadi, nikarudi nyumbani kwa miguu nikiwa, nakiri, na uchungu. Lakini hakuna mtu aliyenipigia simu siku ile kunikumbusha nilichokuwa nadaiwa.

Kijana yule alirudi Jumamosi iliyopita na karatasi yake. Alikuwa ameandika majina 11 kwa mwandiko mzuri, na pembeni ya kila jina kile alichoahidiwa: huyu ukumbi, yule fulana, wengine vijana wa kutembea nyumba kwa nyumba. Mawili alikuwa ameyakata kwa wino mwekundu, akanieleza sababu bila kuulizwa, nami nikafurahi. Kisha nikamuuliza ni gari gani atakalotumia siku za kampeni. "La mjomba," alijibu upesi. "Hilo halina neno, mama, yule ni mjomba wangu." Mjomba wake anauza saruji. Nilimrudishia karatasi na kalamu.